Neno Moja Bustanini: Kisa cha Maria Stuarda, Napoli 1834

Septemba 1834, ndani ya Teatro San Carlo mjini Napoli, waimbaji wawili walikuwa kwenye mazoezi ya opera mpya, Maria Stuarda. Giuseppina Ronzi de Begnis alikuwa Mary Stuart, malkia wa Uskoti. Anna Del Sere alikuwa Elizabeth I wa Uingereza. Walipofika mahali ambapo Mary anamgeukia mwenzake na kumwita mwanaharamu, Ronzi alilitoa neno lile kwa moyo wake wote, na Del Sere akaona ametukanwa yeye. Wakashikana. Habari za wakati ule zinasema nywele zilivutwa, ngumi zikarushwa, na Del Sere ndiye aliyeishia kitandani. Ronzi alipolalamika kwamba mtunzi anampendelea mwenzake, mtunzi mwenyewe, Gaetano Donizetti, aliishiwa subira. Akajibu kwamba hampendelei yeyote, kisha akawataja malkia wote wanne, wawili wa kwenye hadithi na wawili wa mazoezini, kwa neno moja ambalo sitaliandika hapa.

Kila mara opera ya Maria Stuarda inapoandaliwa, kisa hiki husimuliwa, na husimuliwa kwa kicheko. Nadhani kicheko hicho kimewapoteza waongozaji wengi. Ukianza na hadithi ya wanawake waliovutana nywele, utaishia kutengeneza onyesho la wanawake wanaovutana nywele, na wivu wa mapenzi utakuwa ndio maana yote ya ugomvi wao. Mimi naiona tofauti. Lile neno lililowapiganisha waimbaji ni dai la mirathi. Ukilijua hilo, mkao wa jukwaa zima unabadilika: nani asimame wapi, nani asikie, nani anyamaze.

Tuanze na mambo yenyewe yalivyokwenda.

Donizetti, mzaliwa wa Bergamo, alikuwa na miaka 36. Desemba 1830 alikuwa ametoa Anna Bolena mjini Milano, opera ya Anne Boleyn, mama yake Elizabeth, malkia mwingine wa Uingereza aliyekwenda kukatwa kichwa, na jina lake likaanza kuvuka mipaka ya Italia. Kwa kazi mpya ya San Carlo alimtaka Felice Romani amwandikie maneno, kwa kuwa Romani ndiye aliyekuwa bingwa wa matini za opera zama zile. Romani hakupatikana. Kazi ikamwangukia Giuseppe Bardari, mwanafunzi wa sheria kutoka Calabria, umri wake miaka 17. Hakuwahi kuandika opera kabla ya hapo, na hakuandika nyingine baadaye. Alirudi kwenye sheria zake. Alichofanya ni kuichukua tamthilia ya Schiller, mwandishi wa Kijerumani, iliyochezwa mara ya kwanza mwaka 1800 huko Weimar na wakati huo imeshatafsiriwa kwa Kiitaliano, akaipogoa kama mti. Wahusika wengi waliondoka, akiwemo kijana Mortimer ambaye kwa Schiller ndiye moto wa njama zote. Wakabaki sita tu wenye majina: malkia wawili, Leicester anayependwa na wote wawili, Talbot mzee mwenye huruma, Cecil, mshauri wa Elizabeth anayetaka damu, na Anna, mlezi wa Mary.

Jambo moja Bardari hakuligusa, na asingeweza kuligusa. Katika historia malkia hawa wawili hawakuonana hata siku moja. Mary alivuka kuingia Uingereza Mei 1568 akitafuta hifadhi kwa jamaa yake, akawekwa kizuizini karibu miaka 19, akihamishwa ngome hadi ngome, mpaka tarehe 8 Februari 1587 alipokatwa kichwa katika ukumbi wa Fotheringhay. Barua walipelekeana. Uso kwa uso, kamwe. Schiller aliona kwamba tamthilia bila mkutano huo ni sawa na harusi isiyo na bibi harusi, basi akaubuni, akauweka bustanini. Onyesho hilo la bustanini ndilo Donizetti alilolifuata, na ndilo kiini cha opera. Aliyelikosea hilo, mengine yote hayatamsaidia.

Kwa msomaji ambaye opera si chakula chake cha kila siku, neno moja kuhusu mtindo. Bel canto ni uimbaji wa Kiitaliano ambao sauti ndiyo inayobeba kila kitu: pumzi ndefu, mstari unaoteleza bila kukatika, na madoido ambayo mwimbaji huyaongeza mwenyewe. Mhusika akipata jambo huliimba kwanza polepole. Halafu huja habari mpya, mjumbe au sauti ya pembe za wawindaji. Kisha huliimba kwa kasi katika kile kinachoitwa kabaleta, mara mbili, ya pili ikiwa na mapambo zaidi. Ni muundo mkali, karibu kama vina na mizani kwetu. Mtunzi hodari hatambulikani kwa kuufuata tu. Tazama pale anapouacha.

Bustanini, Donizetti anaufuata kwanza. Mary ametolewa nje baada ya muda mrefu ndani ya kuta, anaona wingu likipita, anaimba nalo, analiomba limbebe mpaka Ufaransa alikokulia. Wimbo ni mtamu mno. Pembe zinalia: Elizabeth anawinda karibu. Mary anatetemeka, anaimba kabaleta yake. Leicester anamsihi ajishushe. Elizabeth anaingia. Wanatazamana, na hapo wote sita wanaimba pamoja, kila mtu lake moyoni, muziki umesimama kama pumzi iliyozuiliwa. Kisha Mary anapiga magoti.

Elizabeth hampokei. Anamkumbusha mume aliyeuawa, anamdokezea usaliti, anamchoma na kumchoma tena. Mary anavumilia, anavumilia, halafu anasimama na kusema, kwa Kiswahili changu: binti mchafu wa Bolena, wewe ndiwe wa kuniambia mimi habari za heshima? Kahaba usiye na haya, aibu yangu ikuangukie wewe. Kiti cha enzi cha Uingereza kimenajisika, ewe mwanaharamu, kwa mguu wako!

Na hapo ndipo Donizetti anapouacha muundo. Opera nzima imejaa nyimbo nzuri, lakini tusi hili hakulipa wimbo. Hakuna duweti ya malkia wawili. Kuna maneno yanayotamkwa juu ya noti, yamekatwakatwa, okestra ikipiga na kunyamaza, ikipiga na kunyamaza. Mwimbaji ambaye kwa nusu saa ametuonyesha pumzi na madoido anavuliwa vyote, anabaki na sauti ya kusema tu. Waitaliano wa zama zile walikuwa na masikio yaliyozoea muundo ule kama sisi tulivyozoea kiitikio. Lazima walisikia kwamba sakafu imeondoka chini ya miguu yao.

Sisi wa pwani tunayajua matusi ya kuimbwa. Katika mipasho ustadi ni kutomtaja mtu: unarusha, na mwenye lake analiokota mwenyewe, watu wakimtazama anavyotunza kwa hasira. Mary anafanya kinyume kabisa. Anamtaja, anamtaja na mama yake, na hampi pa kukwepea. Ndiyo maana ninapowaona waongozaji wakilifanya onyesho hili kama mashindano ya kurushiana vijembe, nahisi wamekosea aina. Kijembe huacha mlango wazi. Hili linafunga mlango.

Kwa nini linafunga? Hapa nimshukuru shangazi yangu wa Tanga. Nilikuwa nyumbani kwake nikitazama rekodi ya opera hii kwenye kompyuta ndogo, naye alikuwa barazani na ungo wa maharage, akichambua, bila kuonekana kujali. Zilipofika kelele zile aliuliza bila kuinua macho, "Kamwita nani nini, mwanangu?"

Nikamwambia, "Kamwita mwanaharamu, shangazi."

"Yupi? Yule mwenye taji?"

"Yule yule."

Akatoa kijiwe katika maharage, akakitupa uani. "Basi taji si lake," akasema, na akaendelea na kazi yake.

Nimesoma uchambuzi wa kurasa nyingi wa opera hii ambao haukufika pale alipofika shangazi kwa pumzi moja. Kwake, kama kwa yeyote aliyekulia kwenye kanuni za mirathi za Kiislamu, mwanaharamu ana maana ya sheria kabla ya kuwa tusi: ni mtoto asiyerithi kwa baba. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa Uingereza ya karne ya 16. Mfalme Henry VIII, baba yake Elizabeth, alimwoa Anne Boleyn mwaka 1533 wakati mke wake wa kwanza, Catherine wa Aragon, yu hai, na Roma haikuitambua talaka ile. Elizabeth alizaliwa Septemba mwaka huo huo. Kwa Wakatoliki, basi, alizaliwa nje ya ndoa. Baya zaidi, mwaka 1536, mama yake alipokatwa kichwa, Bunge la Uingereza lenyewe lilimtangaza Elizabeth kuwa si mtoto wa halali. Miaka michache baadaye likamrudisha kwenye foleni ya kurithi bila kulifuta lile tamko. Na ukimwondoa Elizabeth, kwa hoja ya damu anayefuata ni nani? Mary Stuart, mjukuu wa Margaret Tudor, dada wa Henry. Mwaka 1570 Papa Pius V alitoa hati ya kumtenga Elizabeth na Kanisa na kuwafungua raia wake na kiapo cha utii. Kuanzia hapo, kumwita mwanaharamu mbele ya watu ilikuwa sawa na kusema: shuka, nipishe.

Schiller alilijua hilo barabara. Katika tamthilia yake, Mary akishasema kwamba kiti cha enzi kimenajisiwa na mwanaharamu, anaendelea: kama haki ingetawala, wewe ndiwe ungekuwa umelala mavumbini mbele yangu, maana mimi ndimi mfalme wako. Sentensi hiyo ya mwisho, ambayo ndiyo hukumu ya kifo chake, Bardari aliikata. Labda aliona imezidi kwa wakaguzi wa serikali, labda alitaka tusi liishe kwa kishindo. Kwa ukumbi, nadhani alifanya vizuri. Neno linapiga kwa nguvu zaidi likiwa mwisho. Lakini gharama yake ni kwamba dai lote la mirathi limefichwa ndani ya neno moja, na mtazamaji wa leo wa London au New York, ambako neno hilo limebaki tusi la kawaida la mitaani, halisikii tena. Anasikia hasira tu. Mwongozaji ana kazi ya kumrudishia masikio ya shangazi.

Turudi Napoli. Mazoezi yaliendelea mpaka ya mwisho, yale ya mavazi kamili. Kisha likaja neno kutoka juu, kutoka kwa Mfalme Ferdinando II mwenyewe: opera isionyeshwe. Sababu haikutolewa. Donizetti alimwandikia rafiki kwamba Stuarda imepigwa marufuku, mbingu ndizo zijuazo kwa nini, na kwamba imebidi kunyamaza kwa kuwa mfalme kasema.

Sababu zinazotajwa ni tatu. Ya kwanza ni ule ugomvi wa mazoezini, na hiyo naitupa mara moja: wiki chache baadaye waimbaji wale wale wawili waliimba pamoja kwenye jukwaa lile lile, kwa muziki ule ule. Ya pili ni Malkia Maria Cristina wa Savoia, mke wa Ferdinando, mwanamke mcha Mungu ambaye mwaka 2014 Kanisa lilimtangaza mwenye heri. Nasaba yake ilirudi mpaka kwa Mary Stuart kupitia Charles I wa Uingereza. Husimuliwa kwamba alihudhuria mazoezi ya mwisho na kuzirai. Hadithi ya kuzirai inanukia sana jukwaa lenyewe. Lakini ile nasaba ni ya kweli, na hakuna mtu anayependa kuona bibi yake akiitwa muuaji na kukatwa kichwa ili watu wapige makofi.

Ya tatu ndiyo ninayoipa uzito. Sehemu ya mwisho ya opera ina mambo mawili ambayo wakaguzi wa Italia hawakuyapenda. Talbot anavua joho, chini yake kuna vazi la kikasisi, na Mary anaungama dhambi zake hapo hapo mbele ya watu: sakramenti jukwaani. Halafu anatembea, mbele ya macho yetu, kwenda kwenye shoka. Anna Bolena pia anakwenda kufa, lakini akili yake imeshamtoka, anaelea. Mary ana akili timamu, ni malkia aliyetiwa mafuta, na aliyesaini karatasi ya kifo chake ni malkia mwingine. Sasa tazama nasaba ya upande wa mfalme: bibi yake Ferdinando, mama wa baba yake, alikuwa Maria Carolina wa Austria, na dada wa Maria Carolina alikuwa Marie Antoinette, malkia wa Ufaransa, aliyekatwa kichwa Paris tarehe 16 Oktoba 1793. Katika nyumba ile, kichwa cha malkia kudondoka hakikuwa hadithi ya Waingereza wa kale. Kilikuwa msiba wa bibi. Na juu ya hayo yote, opera ina mtu anayesimama na kumwambia mwenye taji kwamba taji si lake. Mfalme wa ukoo wa Bourbon aliyeketi mwaka 1834, miaka minne tu baada ya Bourbon wa Ufaransa kufukuzwa, alihitaji sababu nyingine?

Donizetti hakuwa na muda wa kuomboleza. Muziki ulikuwa umeshaandikwa na jumba linasubiri. Mshairi Pietro Salatino aliitwa kuvalisha maneno mengine juu ya noti zile, na tarehe 18 Oktoba 1834 San Carlo ikaonyesha Buondelmonte, kisa cha Firenze ya mwaka 1216, cha kijana aliyemwacha mchumba wa ukoo mmoja akamchukua wa ukoo mwingine na akauawa kwa hilo. Bado wanawake wawili, bado mwanamume mmoja. Mpango mzuri kwenye karatasi. Haikuvuma, na sishangai. Muziki wa bustanini ulikata nyimbo kwa sababu ya kiti cha enzi. Ukiweka wachumba badala ya wafalme, ule ukimya wa okestra unabaki hauna cha kunyamazia. Kwangu huo ndio ushahidi mkubwa kuliko wote katika kisa hiki: Napoli ilifanya jaribio, bila kukusudia, la kuona opera hii inakuwaje ikibaki na wivu na kupoteza mirathi. Ilikufa.

Milano ilifuata, 30 Desemba 1835, katika jumba la La Scala, kwa jina lake la kweli, Donizetti akiwa ameiongezea utangulizi wa okestra. Mary alikuwa Maria Malibran, nyota aliyeng'aa kuliko wote wakati ule. Usiku ule alikuwa mgonjwa, sauti hana, lakini kama angejitoa malipo yangepotea, basi akaimba. Milano ilikuwa chini ya Austria na wakaguzi walikuwa wameagiza maneno fulani yabadilishwe. Malibran aliyaimba yalivyoandikwa mwanzo, na lile neno likiwamo. Baada ya maonyesho machache, opera ikafungwa na huko pia. Malibran mwenyewe alifariki Septemba iliyofuata mjini Manchester, akiwa na miaka 28, kutokana na majeraha ya kuanguka kutoka kwenye farasi. Napoli iliiona Maria Stuarda kwa jina lake mwaka 1865 tu, Bourbon wakiwa wameshaondoka. Halafu ikalala mpaka Bergamo ilipoiamsha mwaka 1958. Nota zilizoandikwa kwa mkono wa Donizetti zilijitokeza Sweden miaka ya 1980, zikasaidia kusafisha makosa ya nakala za zamani.

Basi, mtu anayeitaka jukwaani leo afanye nini? Sitaki kutoa orodha ya kanuni, lakini kuna mambo kisa chenyewe kinayadai.

La kwanza ni mashahidi. Karibu kila onyesho nililoliona, taa bustanini zinawamulika malkia wawili na wengine wanayeyuka gizani. Ni kosa. Cecil yupo pale. Wawindaji wapo, watumishi wapo, kwaya nzima ipo. Kesi ya mirathi bila mashahidi ni porojo. Mary akiyasema maneno yale peke yake na Elizabeth chumbani, ni matusi; akiyasema mbele ya Cecil, ni uhaini, na Cecil hana tena haja ya kutafuta ushahidi mwingine. Mimi ningemweka Cecil pembeni lakini kwenye mwanga kamili, asifanye chochote. Aje na uso wa mtu aliyesubiri miaka na sasa kaletewa mezani. Na kwaya isishtuke kwa mikono hewani kama inavyofanywa siku zote. Watu wakisikia uhaini hawarushi mikono. Wanasogea mbali na aliyeusema, taratibu, hatua moja, ili wasionekane walikuwa naye.

La pili ni magoti. Mary akipiga magoti mbele ya Elizabeth anakiri, kwa mwili, kwamba yule ni malkia. Akiinuka, anakikana kile alichokikiri. Kwa hiyo kuinuka kuje kabla ya neno, si pamoja nalo, na kuwe kwa polepole kiasi cha kutisha. David McVicar, mwongozaji aliyeiingiza opera hii katika jumba la Metropolitan la New York kwa mara ya kwanza usiku wa 31 Desemba 2012, alikuwa na Joyce DiDonato kama Mary na Elza van den Heever kama Elizabeth. Van den Heever alinyoa nywele zake zote kwa ajili ya nafasi ile, wigi zikae sawasawa, na uso wake mweupe chini ya wigi ulikuwa wa mtu ambaye hadhi ni vazi analoweza kuvuliwa. Nusu ya pili McVicar aliipeleka miaka kumi mbele: Mary amezeeka, mkono unatetemeka. Wapo waliolalamika kwamba maneno hayasemi hivyo. Mimi nilipenda. Mtu asiyekatwa kichwa kwa hasira ya siku moja, bali kwa neno lililokaa kwenye faili miaka kumi, huyo ndiye Mary wa sheria.

Sauti je? Nafasi ya Mary iliandikiwa soprano, yaani sauti ya juu ya kike, naye ni Ronzi; Malibran akaichukua akiwa na sauti nzito zaidi, ya mezo-soprano iliyopanuka juu. Tangu hapo milango yote miwili iko wazi. Janet Baker aliiimba London kwa Kiingereza, funguo zimeshushwa. Montserrat Caballé, Joan Sutherland na Beverly Sills waliiimba juu. Ninachojali ni kwamba neno lenyewe lisipigiwe kelele. Kuna mtindo wa kulitoa kutoka kifuani kwa ukali mpaka linakwaruza, na hadhira hushangilia. Lakini mtu anayetamka hukumu hapigi kelele. Tena mwimbaji huyo ana safari ndefu mbele: maungamo, sala na kwaya ambamo anashika noti moja juu huku watu wakisonga chini yake, kisha kuaga, kisha kabaleta ya mwisho mizinga ikilia kuhesabu muda. Aliyeichana sauti bustanini hataifikisha kwenye sala.

Elizabeth naye asionewe. Nusu ya pili anaonekana na karatasi ya hukumu, anasita, Cecil anamsukuma, na anapomwona Leicester akiingia ndipo anaposaini; Leicester anamwombea Mary, lakini kumeshachelewa. Ni ukatili mtupu wa kimapenzi, wasema wengi. Lakini Elizabeth wa historia alisaini tarehe 1 Februari 1587, kisha akamtupia lawama katibu wake William Davison kwamba aliipeleka hati bila idhini, na Davison akaingia jela. Alijua anachosaini: akimkata kichwa malkia kwa sheria, amefundisha watu kwamba malkia anaweza kukatwa kichwa kwa sheria. Mwimbaji mwenye akili atausainisha mkono wake kwa woga huo, wala hatahitaji kumtazama Leicester.

Kuhusu mwisho, sina mengi. Mary wa kweli alivua nguo nyeusi na ndani akawa na nyekundu, rangi ya mashahidi wa dini, na maonyesho mengi hutumia jambo hilo. Hata wanaolidhihaki hujikuta wamelirudia. Shoka lisionekane likishuka. Masimulizi ya siku ile yanasema lilihitaji zaidi ya pigo moja, na hakuna muziki wa bel canto unaoweza kubeba hilo.

Nilikuwa nataka kumaliza hapo, lakini Ronzi de Begnis ananivuta nyuma. Huyu ndiye aliyefundishwa nafasi ya Mary na hakuruhusiwa kuiimba mbele ya watu wa Napoli. Oktoba 1837, Donizetti alitoa opera nyingine San Carlo, Roberto Devereux, na safari hii Ronzi alikuwa Elizabeth, mzee, mpweke, ameshamuua ampendaye. Katika kabaleta ya mwisho analiona taji linachuruzika damu, anakataa kutawala tena, na kabla ya pazia anamtaja atakayerithi Uingereza: James. Mwana wa Mary Stuart.